Hadithi ya Koyoti husubiri baridi: jibu kwa msomaji wa Phoenix

Swali

Shikamoo mama. Naishi Phoenix, Arizona, na nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mwenzangu wa zamu ni Mnavajo, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani, na tumezoeana hadi tunaitana dada. Mwezi wa saba nilimwomba anisimulie zile hadithi za Koyoti, yule mnyama kama mbweha, anazozitajataja, akaniambia nisubiri baridi ianze. Siku nyingine nikamwonyesha mchoro wa mchanga uliogandishwa kwenye ubao, nilioununua dukani. Akautazama kidogo, akabadili mazungumzo. Bibi yake ni mfumaji wa mazulia na umri umekwenda. Nikamshauri amrekodi kwa simu, na nyimbo na sala zote, aweke YouTube kabla bibi hajaondoka navyo. Hapo alinuna kabisa. Nia yangu ilikuwa njema. Kwani kuficha si ndiyo njia ya kupoteza? Na nikitaka kununua zulia la bibi kama huyo, nitajuaje kuwa si la kuigiza?

Jibu

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuuliza bila kuzunguka. Mimi ni mhifadhi wa nguo za kale. Maisha yangu ya kazi yamepita katika vyumba vya makumbusho, na mazulia ya Wanavajo, au Diné kama wanavyojiita wenyewe, ni miongoni mwa vitu nilivyovishughulikia kwa muda mrefu na ninavyovipenda mno. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu ushauri uliompa rafiki yako umeshatolewa na watu wengi wenye nia njema tangu zaidi ya miaka mia iliyopita, na baadhi ya nia njema hizo ziliwaumiza Wanavajo vibaya.

Tuanze na Koyoti. Rafiki yako hakukunyima hadithi, alikwambia lini utaipata. Kwao hadithi hizo ni za majira ya baridi, tangu jalidi ya kwanza hadi radi ya kwanza ingurume baridi inapoisha. Wakati huo nyoka na dubu wamelala, buibui hawaonekani, na radi imenyamaza. Hao ndio wanaotajwa ndani ya hadithi, na adabu ni kutowataja wakiwa macho. Mchezo wa kutengeneza maumbo kwa uzi vidoleni, ambao wanasema umetoka kwa Mwanamke Buibui, nao huchezwa majira hayohayo. Walimu wengi katika shule za huko hungoja baridi ndipo watoe nyuzi na hadithi darasani. Pia ukifikiria maisha ya mfugaji utaona busara iliyomo: kiangazi kina mifugo na mashamba ya mahindi, lakini usiku wa baridi ni mrefu, familia imekusanyika kwenye hogani, nyumba yao ya jadi, kuzunguka moto, na mtoto ana nafasi ya kusikiliza mpaka mwisho. Somo limewekewa msimu ambao litasikilizwa.

Wewe umekulia kwetu, kwa hiyo unajua unyago. Mwali akitolewa nje hakuna anayemsimamisha barazani kumuuliza alichofundishwa na kungwi wake. Na hakuna mwenye akili atakayesema unyago unapotea kwa sababu haujawekwa mtandaoni. Unapotea siku kungwi anapokosa mwali wa kumfundisha. Wanavajo nao wana Kinaaldá, sherehe ya binti anayevunja ungo. Huchukua siku nne. Binti hukimbia kuelekea mashariki, na kila mara anatakiwa kwenda mbali zaidi kuliko mara iliyotangulia. Husaga mahindi mengi, kisha keki kubwa ya mahindi humiminwa kwenye shimo lililotandikwa maganda ya mahindi na kuoka chini ya ardhi usiku kucha, huku watu wakiimba ndani ya hogani hadi alfajiri. Keki ikikatwa, yeye ndiye anayewagawia wengine, na kwa desturi haionji. Mambo haya nakutajia bila wasiwasi kwa sababu Wanavajo wenyewe huyaeleza hadharani. Nyimbo zinazoimbwa usiku ule ni jambo jingine, na sina ruhusa ya kuyaandika hapa maneno yake.

Hapo ndipo ulipomgusa dada yako pabaya. Mafundisho ya Wanavajo yana mwenyewe, yana wakati wake, na yana malipo. Anayeongoza matambiko yao ya uponyaji huitwa hataałii, na silaha yake kubwa ni nyimbo. Kuna tambiko linaloendelea kwa usiku tisa, nalo ni la baridi tu. Nyimbo zake ni nyingi mno, kila moja ina nafasi yake, na mpangilio ukikosewa wanaamini mgonjwa anaweza kudhurika na mwimbaji pia. Kijana anayetaka kujifunza hukaa kando ya mwalimu wake kwa miaka, akibeba vifaa, akikusanya mimea, akisikiliza, na wahataałii wengi huishi na kufa wakijua kikamilifu matambiko machache tu. Mwanafunzi hutoa kitu kwa mwalimu: mnyama, kitambaa, fedha. Malipo hayo ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa maana wimbo uliotolewa bila kupokelewa kwa heshima hauhesabiki kuwa umetolewa. Sasa fikiria wimbo huo ukiwa kwenye YouTube mwezi wa saba, katikati ya matangazo ya sabuni, unasikilizwa na mtu ambaye hakuomba, hakulipa na hajui unaitwa nani. Kwa macho yako umeokolewa. Kwa macho ya bibi yule umeharibiwa.

Unauliza kama kuficha si ndiyo njia ya kupoteza. Jibu langu ni hapana, na historia yao inalisema hili waziwazi. Tazama yaliyowapata, kisha uniambie usiri uko wapi ndani yake.

Mwaka 1863 na 1864 jeshi la Marekani, likiongozwa na Kit Carson, lilichoma mashamba yao, likachinja mifugo, na katika bonde la Canyon de Chelly likakata miti ya pichi iliyotunzwa kwa vizazi. Watu waliokuwa na njaa walijisalimisha, wakatembezwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, mashariki ya New Mexico. Zaidi ya watu 8,000 walizuiliwa pale, kwenye maji ya chumvi na ardhi isiyozaa, na wengi walikufa. Waliruhusiwa kurudi kwao baada ya mkataba wa tarehe 1 Juni 1868. Mkataba huohuo uliwaahidi kondoo na mbuzi 15,000, lakini pia uliwafunga kupeleka watoto wa miaka 6 hadi 16 kwenye shule za Kizungu. Katika shule za bweni zilizofuata, watoto walikatwa nywele na kuadhibiwa kwa kusema Kinavajo. Watoto walikuwa bwenini majira yote ya baridi, yaani msimu uleule wa hadithi. Bibi alikuwepo nyumbani na hadithi zake zote kichwani, tayari kusimulia, na wa kumsimulia hayupo. Mwaka 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, lugha iliyochapiwa watoto viboko ikaombwa na jeshi hilohilo: vijana 29 wa Kinavajo walitunga mfumo wa siri wa mawasiliano kwa lugha hiyo, na Wajapani hawakuuvunja.

Kisha wakaja kuwagusa kondoo. Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa maana zulia unalotaka kununua lilianzia kwa kondoo.

Kondoo wa asili wa Wanavajo ni wale wanaoitwa Churro, walioletwa Amerika na Wahispania. Ukimshika mmoja utakuta manyoya ya aina mbili kwa pamoja: nje nyuzi ndefu zilizonyooka, ndani sufu laini. Mafuta yake ni kidogo, kwa hiyo sufu haihitaji maji mengi kuoshwa, na katika nchi ambayo mpaka leo familia nyingi huchota maji kwa mapipa nyuma ya gari, hilo si jambo dogo. Nyuzi ndefu husokoteka kwa mkono bila kukatikakatika na uzi wake hung'aa. Baadhi ya madume yana pembe nne. Rangi zao ni nyeupe, kahawia, kijivu na nyeusi, na wafumaji wa upande wa Two Grey Hills, New Mexico, wamejenga jina lao juu ya rangi hizo, wakichanganya sufu ya kahawia na nyeupe mpaka wapate daraja za rangi ambazo ndoo ya rangi haiwezi kuzitoa.

Miaka ya 1930 serikali ya Marekani iliona ardhi ya Wanavajo inamomonyoka, ikahofia matope yatajaza bwawa kubwa jipya la Mto Colorado, ikaamuru mifugo ipunguzwe. John Collier, aliyesimamia mambo ya Wahindi wekundu wakati huo, alikuwa mtu aliyependa kweli tamaduni zao. Hata hivyo wanyama walichukuliwa kwa nguvu, na wengi walipigwa risasi mbele ya wenyewe na kuachwa kuoza. Kwa Wanavajo kondoo wengi ni mali ya wanawake, na wanawake ndio ambao hawakuulizwa. Kondoo wa Churro walidharauliwa zaidi, wakionekana hawana nyama wala sufu ya kiwandani, na waliobaki wakapandishwa na madume ya kigeni. Kufika miaka ya 1970 Churro halisi walikuwa chini ya 500. Mwaka 1977 mtaalamu wa mifugo Lyle McNeal alianza kuwatafuta kwenye makorongo ya mbali, kwa familia zilizokuwa zimewaficha, akawazalisha na kuwarudisha kwa wafugaji. Mwaka 1991 Wanavajo wenyewe wakaunda jumuiya ya Diné be' iiná, inayokusanya wafugaji, wasokotaji na wafumaji, na kila mwaka huandaa tamasha lao la kondoo.

Umeona neno nililotumia: zilizokuwa zimewaficha. Kondoo waliookoa ufumaji walipatikana kwa watu waliokataa kuwatoa.

Kwa hiyo ukitaka kujua kinachoua sanaa hizi, angalia kama bibi ana malisho, ana sufu, ana mjukuu mwenye muda wa kukaa naye, na kama zulia lake litamlipa kiasi cha kumfanya mjukuu aone kazi hii ina maisha. Mwaka 2020 uviko uliwapiga Wanavajo kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa nchini Marekani, wakaondoka wazee wengi. Ndiyo maana dada yako ana kidonda ambacho huenda hukukijua ulipomwambia habari ya bibi "kuondoka".

Wala usidhani ni watu wa kujifungia. Katika ufumaji wameushirikisha ulimwengu kwa ukarimu mkubwa. Mafundisho yao yanasema Mwanamke Buibui, ambaye makao yake ni ile nguzo ndefu ya mwamba ndani ya Canyon de Chelly, ndiye aliyewafundisha kufuma, na mumewe akawaonyesha jinsi ya kuunda mtambo. Wanahistoria husema walijifunza kwa majirani zao Wapueblo. Sioni haja ya kuwagombanisha. Kilicho wazi kwenye nguo zenyewe ni kwamba mfumaji wa Kinavajo hajawahi kuogopa jipya. Alifumua kitambaa chekundu cha kigeni ili apate uzi wa rangi aliyoitaka. Reli ilipofika miaka ya 1880 ikaleta uzi wa kiwandani wa rangi kali, akautumia kwa furaha. Mfanyabiashara J. Lorenzo Hubbell alinunua kituo cha biashara cha Ganado, Arizona, mwaka 1878, naye na wenzake wakataka mazulia ya sakafuni badala ya mablanketi ya kujifunika, yawe na kingo, yawe na nyekundu nyingi, na wafumaji wakafuma. Mazulia ya eneo la Teec Nos Pos yana maua na kingo zinazokaribia zile za Uajemi. Hadi leo wafumaji kama Barbara Teller Ornelas na ndugu yake Lynda Teller Pete hufundisha madarasa ya wazi, na watu wasio Wanavajo huketi na kujifunza. D.Y. Begay hufuma mandhari ya kwao kwa mtindo ambao bibi zake hawakuuona, na kazi zake zimewekwa kwenye jumba la taifa la makumbusho ya Wahindi wa Amerika huko Washington. Wanachozuia ni kidogo sana ukilinganisha na walichotoa. Sisi ndio tunaokiona kikubwa kwa kuwa tumekizoea kila kitu kuwa cha kubofya.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanajibu swali lako la kurekodi kuliko ninavyoweza mimi. Hosteen Klah alizaliwa mwaka 1867, akawa hataałii mkubwa na mfumaji pia, jambo ambalo kwa mwanaume lilikuwa nadra. Mwanafunzi aliyemtegemea amrithi alikufa kabla yake. Klah aliogopa hasa unachokiogopa wewe, kwamba ataondoka na kila kitu. Akafanya jambo lililowashtua majirani zake: akafuma michoro ya mchanga kwenye mazulia makubwa, michoro ambayo kwa kawaida hufutwa siku ileile. Akamwimbia na kumsimulia Mary Cabot Wheelwright, mwanamke tajiri wa Boston, naye akaandikisha. Pamoja wakaanzisha jumba la makumbusho Santa Fe, lililofunguliwa mwaka 1937, mwaka ambao Klah mwenyewe alifariki.

Mimi simlaumu Klah. Alikuwa mwenye mali, na mwenye mali akiamua ameamua. Lakini sikiliza kilichofuata. Katika jumba lile kulikuwa pia na mafurushi ya dawa, vitu vitakatifu ambavyo bila hivyo tambiko haliwezi kufanyika. Wanavajo wakavidai, kwa hoja rahisi: kuna vijana wanaojifunza, wanahitaji vifaa vya kazi. Mwaka 1977 jumba lilivirudisha, likabadili jina, na likaacha kuwa makumbusho ya matambiko ya Kinavajo. Vitu vile vilipelekwa Tsaile, Arizona, kwenye chuo ambacho Wanavajo walikianzisha mwaka 1968, cha kwanza nchini Marekani kuanzishwa na kuendeshwa na kabila lenyewe, na ambacho leo kinaitwa Diné College. Kwa miongo minne vitu vile vilitunzwa vizuri kwa vigezo vya taaluma yangu: hewa kavu, mwanga hafifu, hakuna nondo. Na kwa miongo hiyo minne hakuna aliyetibiwa navyo.

Si vyote hurudi kwa heshima namna hiyo. Desemba 2014 vinyago saba vitakatifu vya Wanavajo viliwekwa kwenye mnada Paris. Serikali ya Marekani iliomba usimamishwe, mnada ukaendelea. Wanavajo walimtuma makamu wa rais wao, Rex Lee Jim, ambaye naye ni mganga wa jadi, akaketi ukumbini na kuvinunua vinyago vya watu wake mwenyewe kwa dola elfu tisa na kidogo. Ninaposoma habari hiyo huwa nawakumbuka Wamijikenda wa pwani ya Kenya na vigango vyao, vile vijiti vya kuchonga vya kuwakumbuka wazee waliokufa, vilivyong'olewa usiku na kuuzwa mpaka vikajaa makumbusho ya Marekani. Jumba la Denver lilitangaza mwaka 2014 kwamba litarudisha 30. Kwa hiyo jambo hili si la mbali nasi, nasi tunajua uchungu wa mtu mwingine kukutunzia wazee wako kwenye kabati la kioo.

Sasa habari ya bibi yako huyo wa Kinavajo. Kurekodi si haramu. Familia nyingi za huko hurekodi wazee wao. Tofauti iko kwa anayeamua, na kwa mahali rekodi inapokaa. Mjukuu akiwa na bibi yake wanaweza kukubaliana kwamba jinsi ya kunyoa, kuchambua na kusokota sufu, au jinsi ya kuchemsha mimea ya rangi, irekodiwe na ibaki kwenye simu za familia. Nyimbo na sala za kufuma ni za bibi kuamua, na akisema hapana, jibu limekamilika. Taifa la Wanavajo lina idara ya uhifadhi wa urithi huko Window Rock, na mgeni anayetaka kukusanya mila kwa utafiti lazima apate kibali kwake. Wewe si mtafiti, lakini roho ya sheria hiyo inakuhusu. Kama unataka kusaidia kweli, mwambie dada yako utamshikia zamu aende nyumbani wikiendi akakae na bibi. Hilo litahifadhi zaidi ya kamera yoyote.

Mchoro wako wa mchanga usikukoseshe usingizi. Mchoro wa tambiko hutengenezwa chini, sakafuni mwa hogani, kwa mchanga, makaa na mawe yaliyosagwa, kila rangi ikidondoshwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Mgonjwa hukalishwa juu yake, kisha hufutwa na mchanga hutolewa nje. Haukukusudiwa kudumu, kwa kuwa umebeba ugonjwa. Ile ya kubandika kwa gundi ni kazi ya biashara, na waliotengeneza kwa adabu hubadili rangi au huacha kitu kwa makusudi ili isiwe ileile ya tambiko. Wapo Wanavajo wanaoishi kwa kazi hiyo, na wapo wanaoona haikupasa kuuzwa kabisa. Huenda dada yako ni wa kundi la pili na hakutaka kukuaibisha. Usiutupe, ila usiupige picha ukaueneza ukiuita dawa, na usimwombe akueleze kila umbo maana yake.

Nimefika kwenye zulia, na hapa nakupa macho ya kazi yangu.

Mfumaji wa Kinavajo huanza kwa kutega mtande: uzi mmoja mrefu usiokatwa, unaozungushwa huku na huku kati ya vijiti viwili, kisha huinuliwa wima kwenye mtambo mbele yake. Anafuma kutoka chini kwenda juu, hana mchoro wa karatasi, kila kitu kiko kichwani. Mwanzoni nafasi ya kupitisha mshindio, yaani uzi unaokatiza mtande, ni kubwa na kazi inakwenda. Kadiri anavyokaribia juu nafasi inabana. Ubao wa kupigia anaubadilisha kwa mwembamba zaidi, kisha mwembamba zaidi ya huo, na vidole vichache vya mwisho anavifuma kwa sindano, uzi kwa uzi, akipenyeza pasipoonekana nafasi. Sehemu hiyo fupi inaweza kumla muda mrefu kuliko alivyofuma eneo kubwa la chini. Nimeona wafumaji hodari wakivuta pumzi wanapoifikia.

Kwa sababu mtande haukukatwa, zulia halisi halina matamvua upande wa juu wala wa chini. Ncha zimefungwa kwa kamba nyembamba ya pindo, na mara nyingi pembe nne zina vishada vidogo. Ipo aina ndogo ya upande wa Gallup yenye matamvua upande mmoja, lakini hiyo ni ya kipekee. Ukiona matamvua pande zote mbili, umeshika kazi iliyofumwa kwenye mtambo wa kukanyaga, aghalabu kutoka Mexico. Wapo wanaoyarudisha matamvua ndani ili kuficha, basi pitisha kidole kwenye ncha: utahisi uvimbe wa nyuzi zilizochomekwa. Kagua na kingo za kushoto na kulia. Mazulia ya Wazapoteki wa Oaxaca, Mexico, huwa na mtande wa nyuzi nene kwenye kingo, unazihisi kama matuta. Wazapoteki ni wafumaji bora kwa jina lao wenyewe, na mwenye hatia ni muuzaji anayelibadili jina hilo. Kisha liinue zulia kwenye mwanga. Mara nyingi utaona mistari hafifu ya mshazari, mahali mfumaji alipomaliza kipande kimoja kabla ya kuhamia kingine. Mashine haiachi alama hiyo. Usitegemee ule mstari mwembamba unaotoka katikati hadi ukingoni, ambao wauzaji hupenda kuusimulia kama ushahidi. Mazulia mengi halisi hayana.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza kuuza kitu kwa kudai ni kazi ya Wahindi wa Amerika wakati si yao. Kosa la kwanza kwa mtu binafsi linaweza kumgharimu faini ya hadi dola 250,000 na kifungo cha hadi miaka mitano. Mwaka 2012 Taifa la Wanavajo liliishtaki kampuni ya Urban Outfitters kwa kutumia jina Navajo kwenye nguo zake, hadi nguo za ndani, na mwaka 2016 wakafikia makubaliano. Kwa hiyo muuzaji hana sababu ya kukasirika ukimuuliza maswali.

Uko Phoenix, na bahati yako ni kubwa. Makumbusho ya Heard iko hapohapo mjini, ina hazina ya nguo za Wanavajo, na kila Machi huwa na soko kubwa ambapo wasanii wenyewe hukaa kwenye meza zao. Nenda kwanza kutazama, uzoeshe macho na vidole kabla ya kutoa fedha. Ukiwa na siku ya mapumziko, Ganado ni safari ya saa kama tano kwa gari, na kituo cha Hubbell bado kinauza mazulia. Ila kama bibi wa dada yako anauza, nunua kwake, kupitia mjukuu, kwa bei atakayoitaja, na usiombe kupunguziwa: hata zulia dogo ni wiki nyingi za kukaa, achilia mbali kunyoa, kuosha, kuchambua, kusokota na kutia rangi. Omba uandikiwe kwenye karatasi jina lake kamili, mahali anapotoka, sufu aliyotumia na mwaka aliolimaliza. Karatasi hiyo ishone kwa ndani ya mfuko wa pamba utakaolihifadhia, ulivingirishe bila kulikunja, na kila baada ya miezi michache ulitoe ulikung'ute, maana nondo wa Phoenix hawajali limefumwa na nani.